Shamba Lina Wadudu

Jumanne, 14 Januari

Nimegeuza udongo tena asubuhi kabla ya kwenda shule. Mgongo unalalamika. Mikono inanuka dizeli hata baada ya kunawa mara mbili kwa sabuni. Chai imenuka dizeli. Ugali wa jana pia.

Niandike mambo yalivyoanza, maana nikishinda nitataka kukumbuka, na nikishindwa nitataka kubisha. Wiki ya Krismasi lori lilichoka kusubiri kwenye foleni ya mpakani. Likajaribu kugeuzia kwenye kona ya shamba la Tata, na tangi likatobolewa na jiwe la mpaka wa shamba. Dereva aliomba radhi sana. Aliziba tundu kwa sabuni ya kipande, kama wanavyofanya madereva wote, akaenda zake. Lakini dizeli ilikuwa imeshateremka shamba zima.

Tata ni mama mkwe wangu. Watoto wanamwita Tata, yaani nyanya kwa Kiteso, na sisi wote tukafuata. Pale shambani ndipo anapopanda wimbi, yaani ulezi, wa ajono wake, pombe ambayo wazee wa Malaba wanaapa kuwa haina mwenzake. Sasa hapaoti hata magugu.

Shemeji Omoding, mdogo wa mume wangu, anasema udongo umekufa. Anataka tumwage murram, ule udongo mwekundu wa barabara, juu yake tufanye yadi ya malori, kama ile anayoisimamia ng'ambo ya barabara. Si mtu mbaya. Ana mdomo tu. Mimi nami nina wangu, nikamwambia mbele ya watu kwamba udongo haujakufa, unaumwa. Wakacheka. Tata hakucheka. Alikata shauri pale pale: "Mvua ikikuja tunapanda wimbi. Ikiota, ni shamba. Ikikataa, Omoding aweke magari."

Basi nina miezi miwili. Mimi ni fundi wa maabara wa shule ya sekondari. Nimewaoshea walimu wa kemia chupa zao miaka kumi na tisa, na nilipokuwa nikiosha nilikuwa nikisikiliza.

Jumamosi, 18 Januari

Kazi ya leo: samadi ya mbuzi mikokoteni minane. Mkojo wa ng'ombe ndoo tatu. Maji. Jembe. Nimeinua tuta upande wa chini ili kitu kisiteremke mtoni.

Dizeli ni minyororo ya kaboni, mifupi na mirefu. Mifupi inaruka yenyewe hewani jua likiwaka, ndiyo hiyo tunayoinusa. Mirefu kidogo inaliwa na bakteria walio ndani ya udongo. Ile iliyojikunja kuwa pete ni sugu, inaliwa mwisho kabisa, na kwa kununa. Kila anayekula huvuta hewa, hutoa maji na hewa ya ukaa, basi. Mafuta yanaisha hivyo. Hayaendi mahali, yanakuwa kitu kingine.

Lakini kaboni tupu haiwashibishi. Wanataka nitrojeni, ndiyo maana ya samadi na mkojo. Wanataka unyevu. Wanataka hewa, ndiyo maana ya mgongo wangu.

Omoding amepita akasimama. "Daktari wa mchanga! Mgonjwa amekula?" Nimemwambia anaendelea vizuri, asante kwa kumjulia hali.

Jumatatu, 27 Januari

Furaha! Nimefurahi hadi nimeimba maabara, na mwalimu wa kemia akafunga mlango wake.

Ijumaa nilichukua chupa mbili za jemu. Moja nilitia udongo safi na samadi. Nyingine udongo wetu wa dizeli na samadi kiasi kilekile, nisije nikajidanganya. Ndani ya kila chupa nikaweka kikombe kidogo cha maji ya chokaa, nikafunga. Pumzi ikitoka kwenye udongo, maji ya chokaa hugeuka meupe. Leo nimefungua. Chupa ya udongo safi, weupe mwembamba. Chupa ya dizeli, maziwa matupu!

Wanapumua. Wanakula na wanapumua kuliko majirani zao.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Tata. Nilitafuta neno. Nikisema bakteria, angesema ni ugonjwa. Vijidudu ni neno la vitabuni. Nikamwambia, "Mama, shamba lina wadudu! Wamejaa, mamilioni!" Alinitazama kwa huruma, akanishika mkono. "Pole sana, mwanangu. Na vile umechoka." Nilidhani anaupongeza mgongo wangu. Nimekula viazi vitamu vitatu kwa raha.

Jumatano, 5 Februari

Kimya. Kazi ni ileile. Geuza, nyunyiza, geuza.

Baba Amoit amepiga simu kutoka njia ya Juba. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa hiyo dizeli ndiyo inayotulisha, na dizeli ndiyo iliyotuharibia. Nimemwambia hivyo. Amesema nisimwangalie yeye, tangi lake ni zima.

Harufu imepungua upande wa juu. Nimechota udongo, nimetia kwenye glasi ya maji. Mwezi uliopita juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi. Leo kuna madoa tu. Tata huja kila jioni kusimama kwenye tuta. Anatazama chini kwa makini sana, anatikisa kichwa. Nadhani anaanza kupenda sayansi.

Alhamisi, 13 Februari

Siwezi hata kuandika vizuri.

Nimetoka shule saa kumi. Nimefika kwenye kona nikasikia harufu ya choo cha hospitali. Nimeingia shambani. Shamba jeupe. Jeupe pe! Maziwa niliyokuwa nikiyatafuta kwenye kikombe yamemwagwa ardhini. Tata amesimama katikati na gambuti zake na dumu tupu la lita tano, anatabasamu. Dawa ya choo. Ile nyeusi inayogeuka nyeupe ukitia maji. Ameichanganya kwenye pipa zima, amemwagia shamba lote kwa ndoo, peke yake, na magoti yale mabovu.

"Nimekumalizia wadudu zako," akasema. "Sasa upumzike."

Nimesema, "Asante, mama." Nini kingine mtu anaweza kumwambia mama mkwe? Halafu nimekwenda nyuma ya jikoni, nimeingiza kichwa kwenye sufuria kubwa ya harusi, nimepiga kelele.

Ijumaa, 14 Februari

Nina hasira. Nimemkasirikia Tata, nikaona aibu. Nimemkasirikia muuza duka aliyemuuzia. Mwisho nimejikasirikia mimi. Ni nani aliyesema wadudu? Kila mtu Malaba anajua dawa ya wadudu ni nini. Mkulima akikuambia shamba lake lina wadudu humpi hongera.

Nimeweka chupa nyingine jana jioni. Leo kikombe cha chokaa ni safi. Naona vidole vyangu upande wa pili. Hakuna anayepumua mle.

Wiki sita za mgongo. Omoding atapata yadi yake, na hakuinua hata kidole.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia Tata. Sikutaka. Lakini alisema akitoka kanisani atapita dukani kuongeza dumu lingine, ili kumaliza wale waliojificha. Ikabidi.

Nimemweleza polepole kwamba wale ndio waliokuwa wakila dizeli. Kwamba ni wadogo, hawaonekani, na bila wao mafuta yangekaa pale mpaka wajukuu wazeeke. Nilidhani atalia, nikataka kulia mimi.

Halafu akanigeukia kwa ukali. "Sasa ungesema ni mifugo! Mtu akikula kwako, akupatie faida, huyo si mdudu. Huyo ni mifugo. Mimi ningeua mifugo?"

Tumeangaliana. Ameanza yeye kucheka. Tumecheka hadi majirani wakachungulia. Lakini baadaye nimemwona ameketi kwenye tuta, gambuti miguuni, bila kucheka. Akaniuliza kama kuna hata mmoja aliyebaki. Nimesema sijui.

Jumatano, 19 Februari

Nimekaa na kitabu cha kidato cha nne na kile kikubwa cha mwalimu. Habari njema kidogo. Ile dawa nayo ni kaboni. Ina pete, jamaa wa zile sugu za dizeli, lakini hii ina mahali pa bakteria kuishikia. Ikiwa nyingi inaua. Ikiwa kidogo inaliwa. Kuna bakteria ambao wakishaizoea huila kama uji.

Kwa hiyo: maji mengi, hewa nyingi, na subira. Nina maji na hewa. Subira nitaazima.

Shida ni moja. Nani atakula, kama wote wamekufa? Upande wa juu labda wachache. Ningesubiri waongezeke wenyewe, lakini mvua hainisubiri.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeigundua nikiwa nimesimama nangoja malori yapite nivuke barabara. Yadi ya Omoding! Miaka ishirini malori yanadondosha dizeli pale kila siku. Na pembeni, chini ya ua, nyasi zimeota. Kijani kibichi. Zinaotaje? Kuna mtu anakula pale. Na si mgeni wa dizeli, amezaliwa ndani yake.

Udongo ule ndio ninaouhitaji. Na mwenye udongo ndiye ninayeshindana naye. Mungu ana utani.

Nilizunguka yadi mara mbili kabla ya kuingia. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nimefika nikasema tu, "Shemeji, naomba mchanga wa pale kwa nyasi." Akataka kujua wa nini. Nimemwambia ukweli wote. Alijikuna kichwa.

"Yaani nikupatie mchanga ya yadi, ndio ninyimwe yadi? Mimi ni mjinga ya aina gani?"

Nikasema tafadhali. Akaniambia nirudie, hakusikia vizuri kwa sababu ya malori. Nilirudia. Hakukuwa na lori hata moja. Basi akachukua toroli, akachimba mwenyewe, akasukuma safari sita kuvuka ile barabara huku akiwafokea madereva wampishe, ana abiria. Tata alipouliza abiria gani, alimjibu, "Mifugo, mama."

Jumanne, 25 Februari

Tata hakutaka kuachwa nyuma. Alinisikia nikisema mifugo wanataka chakula laini kwanza wapate nguvu. Ametoa wimbi wa mwaka jana aliouficha, ametengeneza ajono. Wazee wamekuja, wamezunguka chungu na mirija yao mirefu tangu mchana. Masharti yake: kila mmoja anyonye mpaka machicha yabaki makavu, kwa sababu machicha yana wenyewe.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuhudumiwa kwa furaha kiasi hicho. Nimepata makarai matatu. Nimeyachanganya na mchanga wa yadi, nimetawanya shambani. Shamba sasa linanuka pombe, choo cha hospitali na dizeli. Mzee mmoja akasema ni harufu ya Malaba yenyewe.

Jumatatu, 3 Machi

Chupa: maji safi.

Nimegeuza. Nimenyunyiza.

Alhamisi, 6 Machi

Maji safi. Labda, ukiangalia kwa jicho moja, ukungu. Nimemwomba mwalimu wa kemia aangalie. Amesema ukungu uko kwenye miwani yangu.

Mawingu yamekaa juu ya mwamba wa Tororo tangu juzi. Watu wote wanayafurahia isipokuwa mimi, na mimi ndiye ninayeitwa Nafula, mtoto wa mvua. Omoding ameanza kupima kona ya shamba kwa hatua. Akasema ananyoosha miguu.

Jumapili, 9 Machi

Nyeupe!

Si maziwa. Ni maji ya mchele. Lakini ni nyeupe, na sikuvaa miwani. Nimempelekea Tata chupa kanisani, nimemwonyesha wakati wa matangazo. Amepiga kigelegele. Mhubiri alikuwa akitangaza mazishi.

Jumamosi, 15 Machi

Harufu ya hospitali imeisha kabisa upande wa juu. Katikati imebaki kidogo. Kona ya chini, kando ya tuta, udongo bado unang'aa ukiubonyeza. Pale dizeli ilituama. Nimeongeza samadi pale, nimegeuza mara mbili. Nimeona nyungunyungu mmoja. Mmoja tu, mwembamba. Nilimwita kila mtu aje amwone, na alipofika Omoding yule nyungunyungu akawa ameingia zake ndani. Sasa naitwa mwongo.

Ningependa wiki tatu zaidi. Au mbili.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Imeanza saa tisa na haikubisha hodi. Nilisimama mlangoni nikiitukana kwa heshima. Ahadi ni ahadi. Mvua ikikata, Tata atapanda kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Amepanda. Amerusha mbegu kwa mkono, akapita na tawi kufunika. Omoding alikuwa shahidi, mikono mfukoni. Nimetia mbegu zilezile kwenye kopo la udongo safi, nimeliweka dirishani, ili tujue kama mbegu ni nzima.

Nina woga wa kijinga. Kama shamba likishindwa, si Omoding ninayemwogopa. Ni Tata. Ataketi kwenye lile tuta akijua ni dumu lake. Hatasema. Atajua tu, kila asubuhi, akitazama malori yaliyoegeshwa mahali pa wimbi wake. Hilo sitaliweza.

Jumamosi, 22 Machi

Kopo la dirishani limeota. Sindano ndogo za kijani.

Shamba, hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna. Tata hakuja kwenye tuta leo. Alisema magoti. Nimemchemshia maji, nimemkanda. Omoding alipita akaniona, na kwa mara ya kwanza hakuuliza hali ya mgonjwa. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Jumatano, 26 Machi

Nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Ningekuwa nimesimama nisingeona. Ukitazama kutoka juu ni udongo mweusi. Ukishusha shavu karibu na ardhi, jua la asubuhi likiwa nyuma, kuna kivuli cha kijani.

Nimelala kifudifudi kwenye tope na sketi ya kazini. Nimehesabu mpaka nikachoka. Nimepiga kelele. Safari hii bila sufuria.

Tata amekuja mbio. Magoti yalikuwa mazima! Omoding amevuka barabara bila kuangalia, dereva mmoja akamtukana kwa Kiganda. Tukalala wote watatu kifudifudi. Wimbi umeota upande wa juu, umeota katikati. Omoding akanyoosha kidole, akagusa mmoja taratibu. "Sasa hii," akasema, "imekula mchanga yangu." Nikamwambia ndiyo. Alikuwa anacheka, na sauti yake ilikuwa na majivuno kuliko yangu.

Shule nimechelewa. Nimefika na tope mpaka kwenye nyusi. Mwalimu wa kemia alinitazama juu hadi chini. Alinifungulia mlango tu.

Jumapili, 6 Aprili

Mchana mtulivu. Malori yamezima injini, foleni haisogei.

Wimbi umefika kifundo cha mguu. Tumepalilia mimi na Tata. Kwanza tulibishana kidogo juu ya lipi ni gugu na lipi ni wimbi. Hata magugu nimeyaonea huruma, kwa kuwa yamekuja.

Kona ya chini haikuota. Pana ukubwa wa mikeka miwili, udongo mtupu, mweusi. Nilimwambia Tata kwamba pale ndipo penye mafuta mengi, na zile pete sugu, na dawa iliyoteremkia huko, na kwamba labda mwakani, labda mwaka wa pili. Amesikiliza yote. Baada ya chakula ametoka na kibuyu cha ajono. Siku zote tone la kwanza humwaga chini kwa ajili ya baba mkwe wangu marehemu. Leo amekwenda kulimwaga kwenye ile kona. Amesema mzee alikuwa mkarimu, hatakataa kugawana.

Omoding amekuja jioni kutuletea samaki kutoka Port Victoria. Ameona pale patupu, akataka kukatiza ili asikanyage wimbi.

"Zunguka," Tata akamwambia. "Hapo bado wanakula."

Amezunguka. Nami nilipokwenda kumpokea samaki, nimezunguka.